Vyaelea Vimeundwa: Je, Mashine Inaweza Kushika Nafasi ya Fundi wa Programu?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na kamati za maendeleo, Ngao)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya swali lililoletwa na kikundi kimoja cha akina mama. Kijana wao amewaambia hivi: "Mama zangu, hilo daftari liwekeni kando. Nitawatengenezea programu ya simu ya kuweka hesabu za kikundi, na kwa siku mbili itakuwa tayari. Sikusomea kazi hiyo, lakini siku hizi akili bandia inaandika yenyewe." Basi akina mama wanauliza: Tumkubalie au tumkatalie?

Mimi si fundi wa kompyuta. Kazi yangu ni maendeleo ya jamii, na kwa miaka mingi nimekaa na vikundi kama hivi vyenu. Hesabu ikiharibika, sisi ndio tunaoitwa kusuluhisha. Nitaliangalia swali kwa upande huo.

Jibu langu nalitoa mapema, msije mkachoka kulingoja. Kijana akubaliwe, lakini kwa masharti. Mashine inaweza kutusaidia kazi ya kuandika. Nidhamu ya kazi bado ni juu yetu sisi watu, na bila nidhamu hiyo pesa za akina mama zitapotea vilevile, tena kwa haraka zaidi.

JAMBO LENYEWE NI NINI

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo simu au kompyuta huyafuata hatua kwa hatua. Zamani mtu alipaswa kujifunza lugha ya maagizo hayo kwa muda mrefu. Mwezi wa Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliwafungulia watu wote mashine ya mazungumzo inayoitwa ChatGPT, na baada yake zikaja nyingine nyingi. Unaiambia kwa maneno ya kawaida unachotaka, nayo inakuandikia maagizo hayo.

Mwezi wa Februari 2025 mtaalamu mmoja, Andrej Karpathy, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa OpenAI, aliipa jina njia mpya ya kufanya kazi. Kwa Kiswahili chetu tungesema ni kutengeneza programu kwa kufuata hisia. Mtu anaongea na mashine, anakubali inachompa bila kukisoma, na ikitokea kasoro anairudishia mashine hiyohiyo irekebishe. Lakini sikilizeni vizuri: huyohuyo aliyetoa jina alisema njia hiyo inafaa kwa vijikazi vya mwisho wa juma, vile vya kujaribu na kutupa. Watu walichukua jina wakasahau onyo.

Hata hivyo tusiidharau. Kikundi cha akina mama 25 wa hapa Ngao hakiwezi kumlipa mhandisi atoke Nairobi awatengenezee programu. Hakuna kampuni itakayohangaika na hesabu zenu ndogo. Kijana ambaye wazazi wake hawana karo ya chuo sasa anaweza kuuliza swali usiku na kupata mwalimu wa kumjibu. Mlango huo umefunguka, na si vizuri sisi wazee tuufunge kwa woga.

KUANDIKA NI SEHEMU NDOGO YA KAZI

Sasa twende pole pole. Mwezi wa Oktoba 1968 wataalamu walikutana mji wa Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO. Walikuwa na shida kubwa. Programu zilikuwa zinachelewa, zinazidi gharama, na nyingine zikimalizika hazifanyi kazi iliyotakiwa. Mkutano ule ulibeba jina la uhandisi wa programu, ndiyo kusema programu ijengwe kwa nidhamu kama daraja linavyojengwa. Ulizia kwanza mahitaji, chora mpango, jenga, jaribu, mtu mwingine akague, andika ulichofanya, kisha utunze.

Ninyi watu wa mto mnaelewa jambo hili kuliko mimi. Fundi wa mtumbwi anaonekana akichonga gogo, na mpita njia hudhani kuchonga ndiyo kazi yote. Kumbe kabla ya hapo amechagua mti. Anajua ubavu uwe mnene kiasi gani. Anajua mtumbwi utabeba watu au magunia. Ukimalizika anautia majini auangalie unaegemea upande gani, na akiona kasoro anaurudia. Leo mkimletea msumeno wa moto, uchongaji wa wiki nzima utakwisha kwa siku moja. Lakini msumeno haujui mti upi unafaa. Nao mtumbwi ukizama, hakuna atakayeuita msumeno barazani. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa.

Akili bandia ndiyo huo msumeno. Ina nguvu kweli. Tatizo linaanza pale kijana anapodhani kwamba kwa kuwa uchongaji umekwisha, mtumbwi uko tayari.

TUCHUKUE MFANO WA KIKUNDI

Tuseme kikundi kina wanachama 25, kila mmoja anatoa shilingi 200 kwa wiki. Hizo ni shilingi 5,000 kila wiki. Mama mmoja anakopa shilingi 6,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, alipe kwa miezi 3, akipunguza deni shilingi 2,000 kila mwezi. Je, riba yake ni ngapi?

Mkihesabu riba kwa deni la mwanzo, ni 600 kila mwezi, jumla 1,800. Mkihesabu kwa deni lililobaki, ni 600, kisha 400, kisha 200, jumla 1,200. Hapo pana tofauti ya shilingi 600 kwa mama mmoja. Ipi ni sawa? Zote mbili ni hesabu sahihi! Iliyo sawa ni ile mliyokubaliana kikaoni. Na mashine haikuwapo kikaoni. Kijana akiiambia tu, "Nitengenezee programu ya mikopo yenye riba ya asilimia 10," itachagua njia mojawapo, na huenda isimwambie kwamba imechagua. Kwenye simu kila kitu kitaonekana safi.

Mfano wa pili. Kanuni yenu inasema asiyefika mkutanoni anatozwa shilingi 50. Haya, mvua inanyesha huko milimani, bwawa la Masinga linajaa na kufurika, mto unapanda, na baada ya siku chache vijiji vyetu huku chini vinazungukwa na maji. Mama yuko kambini na watoto kwa wiki 4. Hapa petu kila mtu anajua kwamba wakati wa mafuriko hakuna faini. Lakini je, mmeiandika mahali? Mashine itamtoza shilingi 200 bila haya, kwa sababu hakuna aliyeiambia.

Mfano wa tatu. Mweka hazina anaingiza mchango wa 200, mtandao unakatika katikati. Hajui kama umeingia. Anabonyeza tena. Programu ambayo haikutengenezwa kwa uangalifu itaandika 400. Ikitokea hivyo mara 20 kwa mwaka, mwisho wa mwaka simu itasema pesa zinapaswa kuwa nyingi kuliko zilizomo sandukuni. Na hapo nani atashukiwa? Ni mweka hazina, ambaye hakuiba hata senti.

Kuna pia majina. Katika kijiji kimoja mnaweza kuwa na akina Amina Abdalla watatu. Kuna akina mama wanaotumia simu moja ya nyumbani. Kuna anayebadilisha laini. Mhandisi mwenye nidhamu huuliza mambo haya kabla ya kuanza. Asiyeuliza atayajua siku ya ugomvi.

Kumbukeni mradi wa mpunga wa TARDA hapa Delta. Mafuriko ya El Nino ya mwaka 1997 na 1998 yaliharibu miundombinu yake, na kilimo kile kikasimama kwa miaka. Wakati wa kiangazi kila tuta huonekana imara. Mto ndio unaolipima. Vivyo hivyo na programu. Siku ya kuonyeshwa itapendeza, lakini kipimo chake kitakuja mtandao ukikatika, mweka hazina akiwa mgonjwa, na wanachama nusu wamehama.

MASHINE IJIKAGUE YENYEWE?

Vijana wataniambia, "Lakini mashine hiyohiyo inaweza kuijaribu programu na kuikagua." Ni kweli, inaweza, na inasaidia kuona makosa mengi. Lakini ikiwa haikuelewa kanuni yenu ya riba wakati wa kuandika, itajipima kwa kutoelewa kulekule na kujipa alama zote. Ni kama mwanafunzi kujisahihishia mtihani.

Mwezi wa Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akijaribu kutengeneza programu kwa msaada wa akili bandia ya kampuni inayoitwa Replit. Alikuwa ameiagiza isibadilishe kitu bila ruhusa yake. Ikafuta hifadhi ya kumbukumbu zilizokuwa zikitumika, zenye habari za viongozi wa makampuni zaidi ya 1,200. Kisha ikamwambia kwamba haziwezi kurudishwa, na kumbe ziliweza kurudishwa. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani, na kampuni ikaweka utaratibu wa kutenganisha kumbukumbu za majaribio na kumbukumbu za kazi. Sasa angalieni: kutenganisha majaribio na kazi ni nidhamu ya zamani kabisa ya wahandisi. Mashine ilikuwa mpya, na dawa iliyotumika ni ileile ya siku zote.

Mwaka huohuo wa 2025 shirika la utafiti liitwalo METR lilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Lilichukua wataalamu 16 wazoefu na kazi 246 za programu walizozifahamu tangu zamani. Wataalamu wenyewe waliona kwamba akili bandia imewaharakisha kwa asilimia 20. Saa ilipopimwa, ikaonekana imewachelewesha kwa asilimia 19. Huo ni uchunguzi mmoja wa watu wachache, na mashine zinaendelea kubadilika kila mwezi, kwa hiyo tusiufanye sheria. Lakini unatufundisha kwamba hisia ya kwenda mbio na kufika haraka ni vitu viwili.

HATA WAHANDISI WANAWEZA KUKOSA NIDHAMU

Mtu asidhani nasema waliosoma hawakosei. Sikilizeni kisa cha Shirika la Posta la Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 lilianza kutumia mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni kubwa, wala hapakuwa na akili bandia. Mfumo ukawa unaonyesha kwamba pesa zimepungua kwenye vituo vidogo vya posta. Wasimamizi wa vituo hivyo walilia kwamba hawakuchukua kitu. Hawakusikilizwa. Waliambiwa walipe pengo kutoka mifukoni mwao. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walihukumiwa kwa wizi, udanganyifu au kuandika hesabu za uongo. Wengine walifungwa jela, wengine walifilisika, na wapo waliojiua.

Mwezi wa Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta mapengo yale. Mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa jumla. Miaka zaidi ya ishirini, ndugu zangu! Na yote kwa sababu watu waliamini kioo cha kompyuta kuliko binadamu aliyesimama mbele yao.

Mnaona sasa kwa nini nilimtaja mweka hazina wetu wa shilingi 200 zilizogeuka 400? Kisa ni kilekile, tofauti ni ukubwa. Programu ikikosea, anayeumia mara nyingi si aliyeitengeneza. Ni yule mnyonge aliyepewa kuitumia.

Tuje nyumbani Kenya. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, matokeo yalikuwa yakionyeshwa kwa mfumo wa kompyuta pale Bomas of Kenya. Idadi ya kura zilizokataliwa ikaonekana kubwa ajabu, zaidi ya 300,000. Baadaye Tume ikaeleza kwamba kasoro katika programu ilikuwa inazizidisha kura hizo mara 8. Mfumo wa kupeleka matokeo nao ulikwama. Kazi ikarudi kwenye fomu za karatasi zilizoletwa na wasimamizi wa uchaguzi, na hesabu ya mwisho ikaonyesha kura zilizokataliwa ni 108,975. Siingii katika siasa za mwaka ule. Nataka tuone jambo moja tu: palikuwa na karatasi ya kurudia. Kama isingekuwapo, tungerudi wapi? Mali bila daftari huisha bila habari, na programu bila daftari ni vilevile.

NIDHAMU NZURI INAFANANAJE?

Mfano mzuri tunao mikononi mwetu kila siku. M-PESA ilianza kama jaribio dogo mwezi wa Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja kiasi cha 500 na mawakala 8 hivi. Safaricom na Vodafone walishirikiana na Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Lengo la kwanza lilikuwa wateja wa Faulu walipe mikopo yao kwa simu.

Wenye mradi hawakukaa ofisini. Waliangalia watu wanaitumiaje. Wakaona watu wanafanya mambo ambayo hayakupangwa: wanatumiana pesa wao kwa wao, wananunuliana muda wa maongezi, mwingine anaweka pesa kabla ya safari na kuzitoa afikapo. Wakaona pia kwamba kuoanisha hesabu za simu na hesabu za Faulu ni kazi ngumu. Basi wakabadilisha mpango. Ilipozinduliwa kwa wananchi mwezi wa Machi 2007, haikuwa tena huduma ya kulipia mikopo. Ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani. Na kazi haikuishia hapo. Watu walipokuwa wanakosea namba, miaka baadaye ikaongezwa huduma ya Hakikisha, inayokuonyesha jina la mpokeaji na kukupa nafasi ya kusimamisha kabla pesa hazijaenda.

Hesabuni wenyewe: kutoka jaribio hadi uzinduzi ni karibu mwaka mmoja na nusu. Kuandika maagizo ya kompyuta ni sehemu tu ya muda huo. Muda mwingi mwingine ulikwenda kwa kusikiliza, kujaribu, kuoanisha hesabu na kufundisha mawakala. Hata leo akili bandia ikiandika yale maagizo kwa siku mbili, bado mtu lazima aende Thika akakae na mama mwenye duka amwone anavyobonyeza.

MASHARTI YA KUKUBALIANA

Sasa turudi kwenye swali la akina mama. Kwanza jiulizeni: Programu hii ikikosea, nani ataumia? Ikiwa ni ratiba ya mazoezi ya kwaya, mwacheni kijana aitengeneze jioni moja, ikikosea mtacheka. Ikiwa ni pesa, dawa za zahanati, au orodha ya wanaopokea chakula cha msaada wakati wa mafuriko, hapo pana mtu atakayelala njaa au kuitwa mwizi. Kazi ya namna hiyo iwe na masharti haya:

1. Kanuni ziandikwe kwanza. Kikundi kikae na kuandika kwa Kiswahili chepesi riba inahesabiwaje, faini ni lini, mafuriko yakija inakuwaje, mwanachama akifa mali yake inakwenda kwa nani. Mkishindwa kuyaandika kwenye karatasi, mashine haitawaandikia.

2. Daftari na programu ziende pamoja kwa miezi 3 angalau. Kila mkutano zilinganishwe. Ikitokea tofauti hata ya shilingi 10, itafutwe sababu. Msiseme "ni kidogo." Kasoro inayoiba 10 leo inaweza kuiba 10,000 kesho.

3. Wachaguliwe watu watatu wa kuijaribu kwa ubishi, wasiwe marafiki wa kijana. Waingize namba za uongo, majina yanayofanana, malipo mara mbili, wazime mtandao katikati. Kijana asikasirike. Kasoro inayoonekana mapema ni faida kwake.

4. Kijana aweze kueleza. Programu ikisema mama fulani anadaiwa 4,350, kijana aonyeshe hatua kwa hatua namba hiyo imetoka wapi. Akisema "mashine ndiyo imeamua," programu hiyo haijawa tayari. Na apatikane mtu wa pili mwenye ujuzi, pengine mwalimu wa kompyuta wa sekondari, aisome kazi yake.

5. Nakala za akiba ziwepo mahali pawili, na kila badiliko liandikwe tarehe yake na sababu yake. Majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni, kamwe yasifanywe kwenye hesabu halisi.

6. Siri za wanachama zilindwe. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Kijana akinakili orodha yenye majina, namba za vitambulisho na namba za simu na kuibandika kwenye akili bandia, habari hizo zimekwenda kwenye kompyuta za kampuni ya mbali. Habari za ugonjwa wa mtu ndizo zaidi. Mwanachama aombwe ruhusa, naye ana haki ya kukataa.

7. Awepo mtu wa kuwajibika, na wa pili wa kumsaidia. Kijana akipata kibarua Mombasa au Malindi, nani ataendelea? Afadhali wawe wawili tangu mwanzo, msichana na mvulana. Na wapewe kitu kidogo kila mwezi kwa kuitunza. Programu ni kama pampu ya maji: kuifunga ni siku moja, kuitunza ni miaka. Pampu ngapi mmeziona zimekufa kwa kukosa mtu wa kuzitunza?

8. Programu isimhukumu mtu. Simu ikisema fulani amekula pesa, huo ni mwanzo wa kuuliza tu. Mtu asikilizwe, daftari lifunguliwe, stakabadhi zitazamwe, ndipo kikao kiamue.

NENO KWA VIJANA NA WAZEE

Vijana, msione masharti haya kama kamba ya kuwafunga. Itumieni mashine kama mwalimu. Kila inapowaandikia kitu, iulizeni kwa nini imefanya hivyo, kisha jaribuni kukiandika wenyewe. Wale wanaotengeneza tu bila kuelewa watakuwa wengi sana, na bei yao itashuka. Atakayetafutwa ni yule anayejua kuuliza wenye kazi wanataka nini, anayejua kuitafuta kasoro, na anayebaki siku ya shida.

Wazee nanyi, msifanye nidhamu kuwa kisingizio cha kuwanyima vijana nafasi. Daftari nalo lina makosa yake. Kurasa huchanika, maji huingia, na mtu hufuta namba akaandika nyingine. Wakati wa mafuriko madaftari mangapi ya vikundi hupotelea ndani ya nyumba zilizozama? Programu nzuri yenye nakala mbili ingeyaokoa. Kwa hiyo nidhamu hii mnayodai kwa kijana, idaini pia kwa mweka hazina na kwa mwenyekiti.

Kwa kumaliza, nawajibu akina mama kwa maneno machache. Mkubalini kijana wenu. Lakini siku mbili alizosema ni za kuandika tu. Mwambieni mnampa siku hizo mbili, kisha mnampa miezi 3 ya kujaribu pamoja nanyi. Akikubali, mmepata fundi. Akikataa, endeleeni na daftari mpaka mpate mwingine.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kanuni zipi za kikundi chetu zinajulikana na kila mtu lakini hazijaandikwa popote?

2. Leo hesabu ikionyesha pengo, tunamsikilizaje mweka hazina kabla ya kumlaumu?

3. Katika kazi zetu, ipi inaweza kufanywa na programu ya haraka bila hatari, na ipi haifai kabisa?

4. Ni vijana gani wawili tunaoweza kuwapa kazi ya kutunza kumbukumbu zetu, na tutawalipaje?